Nyuzi Thelathini na Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na Daktari ametugawia madaftari. Anataka tuandike joto la chumba cha vipimo asubuhi, mchana na jioni, kwa sababu msimu wa mvua ndio msimu wetu wa makosa. Mimi nimepewa mawili. Yalikuwa yamegandana na hakuna aliyeona. Moja nimeliacha kazini. Hili nimelitia mkobani, na dhamiri haijanisuta hata kidogo.

Mume wangu anakuja likizo baada ya siku kumi na tisa. Nina hamu naye hadi naona haya kuandika.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Wagonjwa wanne. Umeme umekatika mara mbili.

Ijumaa, 7 Machi

Ninaishi na mama mkwe na binti yetu wa miaka minane. Leo mama mkwe amemweleza jirani kwamba kazi yangu ni kupiga watu shoti. Nilikuwa dirishani, nasikia.

"Kwani wamefanya nini?" jirani akauliza.

"Hawajafanya kitu, maskini. Wanaumwa."

Siwezi kumlaumu. Nabandika kibandiko chenye waya kwenye kifundo cha mkono na kingine chini ya kidole gumba. Mashine inatuma umeme kidogo kwenye mshipa wa fahamu, kidole kinaruka chenyewe, na mtu mzima anacheka kama mtoto. Hospitali nyingine hupima mwendo tu: ujumbe umetoka hapa, umefika pale, umechukua muda gani. Sisi tunapima wepesi wa mshipa kuitika. Unahitaji kuguswa kwa nguvu kiasi gani ndipo uitike? Ukishaitika, unakaa muda gani kabla ya kuwa tayari kuitwa tena? Mshipa unaweza kukimbia vizuri huku ndani umeshaanza kuchoka, na uchovu huo mashine yetu huuona mapema, kabla mtu hajaanza kuangusha vikombe.

Muda wote huo, dakika kumi hivi, ninakuwa nimeushika mkono wa mtu ili usicheze. Kwa siku nashika mikono mitano, sita. Ya waashi, ya walimu, ya mama wakwe za watu. Mkono ninaoutaka mimi uko nchi nyingine, juu ya mnara wa umeme, umevaa glavu.

Jumatano, 12 Machi

Leo nimekaribia kumharibia mtu maisha.

Alikuja mshonaji mmoja wa makamo, amelowa hadi mabegani. Foleni ilikuwa ndefu na mwenzangu yuko likizo ya uzazi, kwa hiyo nilimpima hivyo hivyo. Mchoro ulitoka wa kutisha. Mshipa ulichelewa kuitika, na ukishaitika ulichelewa zaidi kuwa tayari. Nilimwita Daktari, naye akautazama mchoro, akamtazama mshonaji, akanitazama mimi.

"Joto la mkono?"

"Nyuzi ishirini na saba."

"Sheria inasema ngapi?"

"Zisipungue thelathini na mbili."

"Basi huyu si mgonjwa. Huyu kanyeshewa."

Nikachemsha maji kwenye birika la umeme, nikayachanganya na ya baridi kwenye beseni, mkono ukakaa humo hadi ukawa mwekundu. Tulipopima tena, mshipa ulikuwa mzima kabisa. Nilimwomba radhi mshonaji, naye akaniangalia bila kukasirika. "Mama," akasema, "kichwani nilikuwa nimeshaiuza cherehani."

Daktari alinivuta pembeni. Alisema yeye haoni mkono, anaona karatasi. Joto ninaloliandika mimi ndilo analoliamini, hana lingine. Nilitaka ardhi ipasuke inimeze.

Jumapili, 16 Machi

Mume wangu amepiga simu. Tuliulizana hali kama kawaida yetu. Mimi nikasema tuko salama, yeye akasema yuko salama. Tumekuwa salama miaka miwili hadi imechosha. Kisha akasema, "Mke wangu, kuna jambo."

Wiki tatu zilizopita spana ilimtoka mkononi akiwa juu ya mnara. Haikumpata mtu. Lakini amewaambia wakubwa wake kwamba vidole vinamfa ganzi, na sasa kampuni imepata wasiwasi. Daktari wao amempima mwendo wa mishipa, hakuona kitu. Wanataka kipimo cha ndani zaidi, kile cha kwetu, na wamemruhusu akifanye akiwa likizo.

"Ukionekana hufai?" nikamuuliza.

"Mkataba unavunjwa. Nabaki nyumbani."

"Na ukionekana mzima?"

"Narudi kumaliza miezi minane iliyobaki. Pengine nasaini miwili mingine. Miaka."

Nilisikia upepo wa huko aliko.

"Mungu akujalie uwe mzima," nikasema.

"Amina," akajibu taratibu.

Mke mwema angesema nini kingine? Lakini sasa niko peke yangu na kalamu, naandika kilichonikaa kooni: naomba usiwe mzima sana. Uwe mzima wa kumbeba mtoto na wa kugombana na mama yako, usiwe mzima wa kurudi huko. Mungu anisamehe. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia aende. Nilisema, nenda, sisi tutajikaza, nyumba ipate paa. Nyumba imepata paa. Nalala chini yake peke yangu.

Jumamosi, 22 Machi

Amefika.

Jumapili, 23 Machi

Amekonda shingo. Binti yetu alimwamkia kama anamwamkia mkaguzi wa shule, akajificha nyuma ya bibi yake saa nzima, kisha akamng'ang'ania hadi akasinzia. Mama mkwe alilia, akamkaripia kwa kukonda, akalia tena. Mimi nilijikaza kisabuni mpaka alipoingia kuoga. Nikamsikia anakohoa bafuni. Kikohozi tu, cha mtu aliyeingiwa na maji puani. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikalia kwenye shati lake la safari.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Yupo.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua. Yupo. Ametengeneza kitasa cha mlango wa jikoni kilichonisumbua mwaka mzima. Nilimtazama akishika skrubu ndogo ndogo kwa ncha za vidole. Hakuangusha hata moja, na furaha niliyopaswa kuiona sikuiona.

Jumatano, 2 Aprili

Sanduku lake bado limesimama kando ya kabati. Anatoa nguo moja moja, na zikifuliwa anazirudisha humo humo.

"Kabati lina nafasi," nilimwambia.

"Najua."

"Mbona huzitoi?"

"Nitazitoa."

Akawa ananitazama. Nilimngoja aseme jambo, naye nadhani alikuwa anangoja niseme langu. Tukaishia kuzungumzia mvua. Hata mtu akiwa kitandani kwako unaweza kuwa na hamu naye. Hili sikulijua zamani.

Jumatatu, 7 Aprili

Kipimo chake ni Alhamisi. Daktari anaondoka kesho kwenda semina ya wiki mbili. Nilimkumbusha kwamba ndugu hapimwi na nduguye, akasema mwenzangu ana kichanga na kampuni haitangoja.

"Wewe shika mkono uandike namba, mimi nitasoma nikiwa huko," akasema. "Namba haina undugu."

Alhamisi, 10 Aprili

Nitaandika yote kama yalivyokwenda.

Alikuja saa nne. Alikuwa amempa mtoto mwavuli asubuhi, kwa hiyo alitembea na mvua kutoka kituoni, mikono mitupu. Nilimkalisha kwenye kiti cha wagonjwa, nikamfuta mkono kwa taulo. Mkono huo una makovu mapya mawili nisiyoyajua. Nilimsafisha ngozi, nikambandika vibandiko, na yeye hakuacha maneno.

"Wagonjwa wote unawashika hivi?"

"Wote."

"Hata wanaume?"

"Wanaume ndio wengi."

"Nitaandika barua kwa mkuu wa hospitali."

"Kaa kimya, unatikisa mkono."

Nikaweka kipimajoto kwenye ngozi. Ishirini na sita na nukta nane.

Birika lilikuwa juu ya kabati, limejaa maji. Beseni lilikuwa chini ya meza, karibu na mguu wangu. Kazi yote ni dakika kumi na tano. Nimeifanya mara mia, naweza kuifanya nikiwa nimefumba macho. Nilijua mkono huo ukipata joto mashine itasema ni mzima, kwa sababu nimeuona ukishika skrubu. Na nikajua ukiachwa hivi ulivyo, itasema yale yale iliyoyasema kuhusu mshonaji.

Napenda kuandika kwamba sikuamua. Nilikaa tu bila kuinuka. Lakini anayekaa bila kuinuka huku anajua sababu, huyo kaamua.

Nikaanzisha mashine. Ikautafuta mshipa wake, kidogo, kidogo zaidi, mpaka kidole gumba kikaruka. Akacheka. Mimi nilikuwa nimeushika mkono wake wa baridi kwa mikono yangu miwili, na mchoro ukawa unajichora kwenye kompyuta, umechelewa kila mahali, umeinama kama nilivyojua utainama. Kwenye kisanduku cha joto nikaandika thelathini na mbili na nukta nne. Vidole vyangu havikutetemeka, na hilo ndilo linaloniogopesha.

"Vipi?" akauliza.

"Daktari ndiye anayesoma."

Alinishika bega, akaenda kumchukua mtoto shuleni. Nilimsikia akipiga mluzi kwenye korido.

Jumatatu, 14 Aprili

Majibu yamekuja. Daktari ameandika kwamba mshipa umeanza kuathirika na hafai kupanda minara. Nakala imeshakwenda kwa kampuni. Kwangu ameongeza: pole sana, mwenzangu, nikirudi tutaanza matibabu.

Nilimpa karatasi sebuleni. Aliisoma akiwa amesimama.

"Kweli?" akasema.

"Ndivyo alivyosoma."

"Kweli kabisa?"

Uso ulimsawijika, sijawahi kumwona hivyo, hata siku baba yake alipofariki. Akakaa, akaulaza mkono wa kulia juu ya paja, akawa anautazama kama mkono wa mtu mwingine. Nilidhani atafurahi, japo kwa siri. Nilidhani angalau atapumua.

Jumanne, 15 Aprili

Amehamishia nguo zake kabatini, zote. Nimepata nilichokitaka.

Alhamisi, 17 Aprili

Anakunywa chai kwa mkono wa kushoto.

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua mchana kutwa. Mama mkwe alimwomba mwanawe apande juu ya kiti abadilishe balbu. Akakataa, akasema ana kizunguzungu. Nimeibadilisha mimi. Anaamka mapema, anakaa barazani akikunja na kukunjua vidole, anavihesabu. Yupo nyumbani siku nzima, na sijawahi kumkosa namna hii. Yule niliyekuwa namngoja hakurudi, nimemzuia mwingine.

Jumatano, 23 Aprili

Daktari amerudi. Ameutundika mchoro wa mume wangu ukutani, juu ya meza yangu. Wiki ijayo wanakuja mafundi sita wa minara, na huu ndio utakuwa mfano wao wa ugonjwa unaoanza. Wote watapimwa na kulinganishwa nao. Amefurahi kupata mfano mzuri kiasi hicho, kisha akakumbuka ni wa nani, akaniomba radhi.

Mume wangu atalazwa Jumanne. "Ganzi aliyoieleza na mchoro huu vinakubaliana," akasema Daktari. Anataka kumwanzishia dawa za kushusha kinga ya mwili kabla vidole havijafa. Ni dawa kali, humfanya mtu aumwe na kila kinachopita. Nilisema sawa. Neno hilo nalisema vizuri kuliko yote ninayoyajua.

Jumapili, 27 Aprili

Leo maji ya mvua yalijaa barabara ya mbele ya nyumba. Tulikuwa tunatoka msibani kwa jirani, sisi watatu. Maji yalikuwa ya magoti na yanakwenda kasi. Binti yetu akamnyooshea baba yake mikono.

"Nibebe, baba."

Akarudi nyuma hatua moja. Nimeiona hatua hiyo, nitaiona maisha yangu yote. Akamwita muuza mkaa aliyekuwa anavuka, mtu tusiyemjua vizuri, akamwambia, "Ndugu yangu, nisaidie mtoto. Mimi nitamwangusha."

Muuza mkaa akambeba. Mume wangu akavuka nyuma yao, mkono wa kulia ameutia mfukoni.

Jioni nilimfuata jikoni. Alikuwa anachemsha maji ya chai.

"Mkono wako hauumwi," nikamwambia.

"Daktari kasema..."

"Daktari kasoma namba niliyoiandika mimi. Ulikuja umelowa. Sikuupasha joto. Ulikuwa ishirini na sita, nikaandika thelathini na mbili. Mkono wowote ukipimwa hivyo unaonekana mgonjwa. Nimefanya makusudi."

Alizima jiko. Kwa mkono wa kushoto, kwa mazoea yake mapya.

"Kwa nini?"

"Nilitaka ubaki."

"Si ungesema?"

"Ningesemaje, na mimi ndiye niliyekutuma?"

Nilingoja anitukane. Nilikuwa tayari, nilikuwa hata natamani. Badala yake mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Akateleza na ukuta hadi akakaa sakafuni.

"Mke wangu," akasema akipangusa macho, "ile spana haikunitoka. Niliiachia."

"Uliiachia vipi?"

"Niliangalia chini kwanza. Hakukuwa na mtu. Nikafungua vidole, ikaenda. Nikawaambia ganzi. Hakuna ganzi, sijawahi kuwa na ganzi. Nilikuwa nimechoka kuwa salama. Siku ile nilipokupigia nilikuwa nangoja useme neno moja tu, basi rudi ukae. Ukaniombea uzima!"

"Na wewe ukasema amina!"

"Ningesemaje?"

Hapo na mimi nikakaa sakafuni. Tulicheka hadi mama mkwe akaja mlangoni kuuliza nani kafa. Tukamwambia hakuna. Akatutazama tulivyo, mkononi mwa mwanawe kijiko, usoni kwangu makamasi, akaondoka akisema nyumba hii imeingiliwa.

Kisha kicheko kikaisha, kwa wote wawili pamoja.

"Karatasi ilipotoka," akasema, "nilijua Mungu kanijibu. Nimesingizia ugonjwa, kanipa. Nimekuwa nikivisikia vidole vikifa, kimoja kimoja. Nakuapia, nilivisikia."

Nilimshika mkono huo. Nikamwomba msamaha, si kwa neno moja. Hakusema amenisamehe, lakini hakuuondoa.

"Sasa sikiliza," akasema. "Dawa nitaikataa, ni haki yangu. Karatasi ipo. Kampuni imeshajua. Tunyamaze tu."

Nilifungua mdomo niseme ndiyo. Ndiyo ilikuwa pale pale ulimini. Ningezipata asubuhi zote, kikohozi chote cha bafuni, mtoto asimwamkie tena kama mgeni. Tungefunga midomo miwili tu.

"Mchoro wako uko ukutani," nikasema. "Wiki ijayo wanakuja mafundi sita wa minara. Wanalinganishwa na wewe. Mmoja wao akiwa mgonjwa kweli, ugonjwa wake ukiwa ndio unaanza, pembeni yako ataonekana nafuu. Watampandisha."

Maji ya chai yalikuwa yameshapoa.

"Na yeye hataangalia chini kwanza," akasema. "Yake itamtoka kweli."

"Itamtoka kweli."

"Basi kesho kamwambie Daktari."

"Utarudi huko."

"Miezi minane. Kusaini tena sisaini, kama wewe hutaki nisaini. Hutaki?"

Hata hapo nilisita. Mazoea ni kitu kibaya.

"Sitaki," nikasema.

Jumatatu, 28 Aprili

Nilimwambia Daktari asubuhi, kabla sijavua koti la mvua. Hakunipigia kelele, afadhali angepiga. Alipanda juu ya kiti, akaubandua mchoro ukutani, akaukunja mara nne.

"Mshonaji yule ulimwomba radhi," akasema. "Nikadhani umeelewa."

"Nilielewa, Daktari. Ndiyo maana nilijua la kufanya."

Aliniangalia sana. Ataandika barua kwa uongozi, na kampuni ataiandikia yeye mwenyewe. Mashine sitaigusa miezi mitatu. Nitakaa mapokezi, na mpimaji mpya akianza kazi mwezi ujao nitamtolea mkono wangu ajifunzie. Nilisema ahsante. Nikakaa kwenye kiti cha wagonjwa mpaka foleni ikanifukuza.

Jumatano, 30 Aprili

Daktari amempima mume wangu yeye mwenyewe. Mimi nilikaa nje kwenye benchi na wagonjwa wengine, mlango umefungwa. Nililisikia birika likianza kuunguruma, likachemka, likazimwa. Nikasikia maji yakimiminwa. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii nilijua dakika kumi na tano zina urefu gani. Kila joto lilivyopanda kwenye mkono ule, ndivyo alivyokuwa anakwenda zake, nami nikawa naomba lipande.

Alitoka mkono umeiva, amekunja shati hadi kwenye kiwiko.

"Maji yenu ya moto," akasema.

"Je?"

"Mzima."

Tulikaa pale benchini, hatukuwa na haraka ya kuinuka. Mama mmoja pembeni yetu akasema hongereni.

Jumatatu, 5 Mei

Kampuni imejibu. Wanamtaka kazini wiki ijayo. Nguo zimerudi sandukuni. Safari hii nimezikunja mimi.

Jumamosi, 10 Mei

Teksi ilikuja saa mbili asubuhi. Mvua ilikuwa ya rasharasha. Binti yetu alikuwa mgongoni kwa baba yake tangu alipoamka na alikataa kushuka, kwa hiyo baba aliaga majirani akiwa na mtoto mgongoni, akavuka naye barabara hadi kwenye gari, akampa dereva sanduku kwa mkono wa kulia.

Nilikuwa nimejiandaa kusema safari njema, utufikie salama. Maneno yakagoma.

"Nataka ubaki," nikasema. Mbele ya dereva, mbele ya mama mkwe, mbele ya yule jirani. "Najua utakwenda, lazima uende. Sisemi ili nikuzuie. Nasema ili uende ukijua."

Akamshusha mtoto taratibu.

"Sema tena."

"Nataka ubaki."

"Jamani," dereva akasema, "ndege haina subira."

"Mwache aseme!" mama mkwe akamfokea. "Miaka miwili tunamngoja aseme."

Nikasema mara ya tatu. Akaondoka analia, na mimi nalia. Majirani walipata cha kuzungumzia hadi Jumatatu.

Jumatano, 14 Mei

Mapokezi. Nimeandika majina kumi na manane. Hakuna mkono hata mmoja.

Jumapili, 18 Mei

Amepiga. Hakusema yuko salama. Alisema huko ni baridi, chakula hakina chumvi, na anatutaka. Nilimwambia kitanda ni kikubwa mno na mtoto ananuna. Tulilalamika saa nzima kama wazee wenye magoti mabovu, na nilipokata simu nilikuwa na hamu naye kuliko miaka yote miwili.

Jumanne, 27 Mei

Mpimaji mpya ameanza. Ni dada mtulivu, ana woga wa mashine, ananiita "dada mkubwa" ingawa hajaambiwa kwa nini siigusi. Leo Daktari amemwacha na mimi ajifunze kwa mkono wangu.

Nilikaa kwenye kiti cha wagonjwa. Alinifuta, akanibandika vibandiko, kimoja akakikosea akakirudia. Akapima joto la mkono: ishirini na nane. Akachemsha maji, akachanganya, akayajaribu kwa kiwiko chake kama anayetaka kumwogesha mtoto, akauingiza mkono wangu kwenye beseni na kuushikilia humo kwa mikono yake miwili. Hakuna aliyenishika mkono tangu Jumamosi ile ya teksi. Macho yakajaa machozi kabla sijayaonya.

"Maji ya moto sana, dada?"

"Hapana."

"Unawaza nini?"

"Mtu."

"Yuko mbali?"

"Mbali. Nimemrudisha mwenyewe."

Akacheka kidogo, akidhani ni utani. "Sasa kama umemrudisha mwenyewe, unamlilia nini?"

Nilitaka kumjibu, nikaona habari ni ndefu na mkono umeshapata joto. Nikamwambia achukue kipimajoto, asome vizuri, na aandike kile anachokiona.